Vitunguu vya Mang'ola hadi Nairobi: namna ya kuvuka Namanga kwa mlango wa mbele

Ukifika Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, alfajiri, mlima Ol Doinyo Orok ukiwa umejifunika ukungu upande wa Kenya, utaona biashara mbili zinatembea kwa wakati mmoja. Moja inapita getini, malori yamejipanga, madereva wamebeba bahasha za kaki. Nyingine inapita nyuma ya nyumba, vichochoroni, kwa bodaboda, kwa punda na kwa migongo ya watu. Hiyo ya pili ndiyo njia ya panya, na wengi wanaoitumia ni akina mama na vijana wenye magunia matano au kumi ambao hawajawahi kuvunja sheria nyingine yoyote maishani. Waliambiwa tu kwamba geti ni la wenye malori, wakaamini.

Nimewaandikia hao. Ninatumia vitunguu kwa sababu ndiyo kazi niliyoanza nayo, na njia ni ya Mang'ola, Karatu, Arusha hadi Namanga kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa miguu. Ukibadilisha kitunguu ukaweka maharage au mchele, utaratibu haubadiliki sana. Ukivukia Holili, Horohoro au Sirari, nako majengo na madirisha ni ya ofisi zilezile.

Kabla ya yote, jua unasimamia wapi. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kutumika Januari 2005. Msingi wake ni kwamba bidhaa iliyozalishwa ndani ya nchi wanachama haitozwi ushuru wa forodha ikivuka kwenda nchi nyingine mwanachama, ili mradi uthibitishe asili yake. Kwa sisi wenye mizigo midogo, Jumuiya iliweka utaratibu uliorahisishwa: mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, unapewa cheti rahisi cha uasili palepale mpakani na afisa wa forodha. Huhitaji wakala. Fomu yenyewe haiuzwi. Yaani yule unayemlipa akupitishie mzigo kwenye makorongo usiku, mara nyingi anakukwepesha ushuru ambao hata hudaiwi.

Hatua ya 1: Anza na mnunuzi, usianze na shamba

Wanaoanza wengi hununua kwanza, wakapakia, ndipo wakapiga simu Nairobi. Kitunguu hakingoji. Tafuta mnunuzi aliyeko Kenya, kubaliana bei na kiasi, kisha umuulize swali moja: kibali cha kuingiza mazao unacho?

Kibali hicho hutolewa na KEPHIS, taasisi ya Kenya ya afya ya mimea, na anayekiomba ni yule anayepokea mzigo, akiwa Kenya, kabla mzigo haujaondoka Tanzania. Wewe huwezi kukiomba kwa niaba yake ukiwa umekaa Karatu. Mwambie akutumie nakala kwenye simu, kisha uisome. Angalia zao lililoandikwa, kiasi, mpaka utakaopitia na tarehe ya mwisho. Kibali cha kupita Holili usikipeleke Namanga ukitegemea huruma.

Muulize pia kama soko liko wazi wiki hiyo. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, na malori yaliyokuwa yameshapakiwa yakakwama njiani. Siku chache baadaye zuio lilibadilishwa kuwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti kuonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na asili yake ijulikane. Mwezi Mei mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Nairobi, na yeye na Rais Uhuru Kenyatta wakakubaliana kuondoa vikwazo vya biashara kati ya nchi hizi mbili. Ninaikumbusha habari hii kwa sababu mfanyabiashara mdogo ndiye wa mwisho kusikia tangazo na wa kwanza kuumia. Simu moja mpakani kabla ya kupakia inaokoa mtaji.

Na kwa ndugu zetu wa Kenya wanaokuja wenyewe hadi Mang'ola: tangu Julai 2025 kuna amri Tanzania inayowakataza wasio raia kufanya baadhi ya biashara, na kununua mazao shambani kumo kwenye orodha. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Nunua kwa mfanyabiashara wa Kitanzania aliyesajiliwa, akukabidhi mzigo ukiwa na risiti. Na wewe Mtanzania usikubali kuwa kivuli cha mtu, kwa maana amri hiyo inamgusa pia raia anayemsaidia mgeni kuikwepa.

Hatua ya 2: Karatasi zako binafsi

Hapa sitakaa sana. Pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania usihesabu kitambulisho cha NIDA kuwa hati ya kusafiria. Nimeona watu wamerudishwa wakiwa na mzigo mzuri kabisa.

Kijitabu cha njano cha chanjo ya homa ya manjano. Ukichanjwa mara moja, cheti kinadumu maisha yako yote. Utaratibu wa kurudia kila miaka kumi uliondolewa mwaka 2016. Akitokea mtu kukwambia chako kimeisha muda na akuuzie kingine, mjibu kwa upole kwamba unajua kanuni.

TIN, yaani namba ya mlipakodi, na leseni ya biashara. Hata kama mtaji wako ni milioni mbili, jisajili. Bila TIN unabaki mtu wa kuomba, na mtu wa kuomba mpakani huombwa naye.

Hatua ya 3: Kununua na kufungasha

Hapa ndipo pesa inapopotea au kupatikana, kabla hujaona hata sare ya afisa mmoja.

Nenda Mang'ola mwenyewe angalau mara ya kwanza. Ni bonde la joto kando ya Ziwa Eyasi, maji ya chemchemi yanashushwa kwa mifereji hadi mashambani, na msimu wa mavuno utaona vitunguu vimetandazwa kama mazulia mekundu. Usinunue rundo kwa macho. Chukua kitunguu kimoja cha katikati ya rundo, siyo cha juu, ukibane shingoni kwa kidole gumba na cha shahada. Shingo ikiwa laini na yenye unyevu, kitunguu hicho hakijakauka. Kikikaa kwenye gunia siku tatu kitatoa maji, na maji yake yatawaozesha majirani. Shingo inayotakiwa ni iliyokunjamana, kavu, inayolia kama karatasi. Kisha kikate. Ukiona kiini cha kijani kimeanza kuchomoza, jua kimeshaanza kuota na mnunuzi wa Nairobi atakikata vilevile.

Gunia. Hapa lazima nizungumzie lumbesa. Unaijua: gunia limejaa, kisha juu linashonewa kilemba cha wavu, mzigo unasimama kama mtu aliyejitwika kichuguu. Mkulima analipwa gunia moja, dalali anaondoka na gunia na nusu. Sheria ya vipimo Tanzania hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hukamata. Mpakani lumbesa inakuponza kwa njia nyingine pia: fomu inadai uzito, na gunia la lumbesa halina uzito unaojulikana. Afisa akitilia shaka, atakuambia ushushe mzigo wote upimwe. Fungasha kwa nyavu za uzito mmoja, upime mizani mbele ya mkulima na kuandika. Mimi hutumia nyavu za kilo 80. Ukiniuliza idadi nakujibu uzito palepale, bila kukuna kichwa.

Usifungashe chochote kwa mifuko ya plastiki, hata kile chakula chako cha njiani. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019.

Chukua risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, kama muuzaji anatoa. Kama ni mkulima asiye na mashine, andikishaneni hati ya mauziano yenye majina, kiasi, bei, kijiji na sahihi, ipigwe muhuri ofisi ya kijiji. Chukua stakabadhi ya ushuru wa mazao kutoka halmashauri kama umetozwa. Karatasi hizi mbili ndizo zinazothibitisha mambo mawili makubwa utakayoulizwa mpakani: kitunguu kimetoka wapi, na kimegharimu kiasi gani.

Sasa piga hesabu ya thamani ukiwa bado shambani. Tuseme una nyavu 45 za kilo 80, yaani kilo 3,600. Ukiwa umenunua kwa shilingi 1,000 kilo, mzigo ni milioni 3.6. Kwa kiwango cha mfano cha shilingi 2,500 kwa dola, ni dola 1,440. Uko ndani ya dola 2,000. Bei ikipanda hadi shilingi 1,500 kilo, mzigo uleule unakuwa milioni 5.4, sawa na dola 2,160, na umetoka nje ya utaratibu rahisi. Forodha hutumia kiwango chao cha kubadilisha fedha, kwa hiyo acha nafasi, usijaze hadi dola 1,990.

Ukizidi, una njia mbili za halali: punguza mzigo, au tafuta wakala wa forodha mwenye leseni na cheti kamili cha uasili. Njia ya tatu, ya kuandika bei ya uongo au kugawa mzigo wako kwa majina ya utingo na mpwa wako, iache. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaweka kifungo cha hadi miaka mitatu au faini ya hadi dola 10,000 kwa maelezo ya uongo. Wafanyabiashara wanne wa kweli kwenye kenta moja ni jambo lingine: kila mmoja na mzigo wake, alama yake kwenye nyavu, risiti yake na cheti chake.

Hatua ya 4: Cheti cha usafi wa mimea

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, ndiyo inayokagua mzigo na kutoa cheti kwamba hauna wadudu wala magonjwa. Wana ofisi Arusha na wana wakaguzi mpakani. Peleka ile nakala ya kibali cha KEPHIS, maana masharti yaliyoandikwa humo ndiyo mkaguzi wa Tanzania anayoyafuata. Ukienda bila hicho kibali, unamwomba mtu ajibu swali ambalo hajaulizwa. Uliza hapohapo kama zao lako linadai pia kibali cha Wizara ya Kilimo cha kusafirisha nje. Kwa nafaka usithubutu kuondoka bila kuuliza.

Wengi hukasirikia ukaguzi huu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilibadilika nilipoona shamba la jirani limekwisha kwa ugonjwa ulioingia na mbegu ya magendo. Udongo kidogo ulioshika kwenye mizizi unaweza kuvusha janga. Kwa hiyo safisha vitunguu, toa majani na udongo, hata kabla hujaambiwa.

Kwa wanyama hai masharti ni makali zaidi. Oktoba 2017 vifaranga 6,400 vilivyoingizwa Namanga kutoka Kenya viliteketezwa kwa moto kwa hofu ya mafua ya ndege. Picha zile ziliumiza watu pande zote mbili. Ukitaka kuanza biashara ya kuku au mbuzi, usijifunzie kwa vitunguu. Nenda kwa daktari wa mifugo wa wilaya kwanza.

Hatua ya 5: Gari

Kuna namna mbili. Ya kwanza, gari la Tanzania linafika mpakani, mzigo unahamishiwa gari la Kenya. Ni rahisi kwa anayeanza, ila simama mwenyewe wakati wa kuhamisha na uhesabu kwa sauti. Ya pili, gari lako linaendelea hadi Nairobi. Hapo unahitaji kadi ya gari, barua ya mwenye gari kama siyo lako, bima ya COMESA ile ya kadi ya njano, na kibali cha muda cha gari kuingia Kenya. Kutoka Arusha hadi Namanga ni kama kilomita 110, na kutoka Namanga hadi Nairobi ni kama 165. Ukitoka Arusha alfajiri utafika mpakani asubuhi, wakaguzi wote wakiwa kazini. Mpaka wa Namanga uko wazi saa 24, lakini usiku utawapata wa uhamiaji na forodha haraka kuliko utakavyompata wa mimea.

Hatua ya 6: Siku ya kuvuka

Namanga ni kituo cha pamoja cha huduma mpakani, kilichozinduliwa na Rais Magufuli na Rais Kenyatta tarehe 1 Desemba 2018. Maana yake kwako ni hii: unaposafiri kwenda Kenya hushughulikii kutoka upande wa Tanzania halafu ukaanze upya ng'ambo. Unapita moja kwa moja hadi jengo la upande wa Kenya, na humo ndani maafisa wa nchi zote mbili wako pamoja. Dirisha la kwanza Tanzania inakugongea kutoka, dirisha linalofuata Kenya inakugongea kuingia. Kurudi ni kinyume chake, unamalizia jengo la Tanzania.

Ukishuka kwenye gari, watakujia vijana. Wengine wana kofia, wengine kitambulisho cha kuning'iniza shingoni ambacho ukikisoma vizuri hakina ofisi. Hawa ndio vishoka. "Mama, leta karatasi, nusu saa tu." Safari yangu ya kwanza, mpaka mmoja ambao sitautaja, nilimpa mmoja wao fedha na karatasi zangu zote. Alirudi baada ya saa mbili na cheti chenye muhuri. Afisa wa dirishani alikigeuza mara moja tu, akaniuliza nimekipata wapi. Muhuri ulikuwa wa kuchongesha. Vitunguu vyangu vilikaa siku mbili chini ya turubai, jua la mchana na joto la injini, na nilipofungua nyavu za chini mikono ilitoka na maji. Nilitupa nyavu nane. Kijana sikumwona tena. Tangu siku hiyo karatasi zangu hazitoki mkononi mwangu mpaka ziingie dirishani, na nafuata kwa macho kila inapokwenda.

Mtiririko wenyewe ni huu. Uhamiaji kwanza, na kijitabu cha njano kwa watu wa afya. Kisha forodha: unasema unataka cheti rahisi cha uasili, unaonyesha risiti na hati ya mauziano, fomu inajazwa jina lako, aina ya bidhaa, kiasi, thamani na mahali ilipozalishwa. Andika kitunguu kwa uzito na idadi ya nyavu, vyote viwili. Soma kabla ya kusaini. Afisa anasaini na kugonga muhuri, na forodha ya Kenya inaupokea mzigo kwa cheti hicho. Mkaguzi wa KEPHIS analinganisha cheti cha TPHPA na kibali cha mnunuzi wako, kisha anakwenda kwenye gari. Mara nyingi atachagua wavu mwenyewe. Mwache achague. Ukimharakisha kwenye wavu wa mlangoni, atataka wa chini kabisa.

Elewa kwamba cheti cha uasili kinaondoa ushuru wa forodha, hakiondoi kila tozo. Ada za ukaguzi zipo, na mnunuzi wako anaweza kuwa na tozo za upande wake. Kila unacholipa dai stakabadhi. Ukiambiwa hakuna stakabadhi, uliza kwa sauti ya kawaida, isiyo ya ugomvi: "Naomba unionyeshe imeandikwa wapi." Sentensi hiyo imeniokolea fedha nyingi kuliko ujuzi wowote mwingine.

Ukikwama, tafuta dawati la taarifa za biashara kama lipo, au chama cha wafanyabiashara wa mpakani. Akina mama wa Namanga wana mtandao wao, na mmoja wao akikuona umesimama peke yako na karatasi mkononi, atakuuliza shida yako kabla hujaomba.

Hatua ya 7: Usalama wako na wa mpaka

Maafisa wanaokagua gari lako hawatafuti vitunguu. Wanatafuta silaha, dawa za kulevya, nyara za wanyamapori, na watu wanaosafirishwa kwa kufichwa. Vijana wa Ethiopia wanaokimbilia Afrika Kusini hupitia Kenya na Tanzania, na wapo waliokutwa wamebanwa chini ya mizigo, bila hewa. Kwa hiyo shika haya.

Usibebe abiria usiyemjua, hata akiwa mama mwenye mtoto, hata akilia. Mpeleke getini, msaidie kwa njia nyingine.

Usibebe furushi la mtu. "Nimpelekee dada yangu Athi River" ni maneno mazuri, lakini furushi likifunguliwa, mwenye gari ni wewe. Wakati wa kurudi hatari ni miraa. Huko Kenya ni zao halali la biashara, linauzwa hadharani. Huku Tanzania, ambako tunaiita mirungi, ni dawa ya kulevya kisheria. Kifungu kimoja kwenye droo ya dereva kinatosha kulishikilia gari zima. Mkague dereva wako kabla ya kuvuka, bila kuona haya.

Funga mzigo mwenyewe na lala karibu nao. Usivuke usiku kwa njia za porini, hasa dada zangu. Kule mtu akikunyang'anya fedha, akikupiga, akikufanyia lolote baya, utakwenda kulalamika wapi, wakati swali la kwanza utakaloulizwa ni ulikuwa unafanya nini pale saa nane usiku? Hilo ndilo linaloniuma kuliko faini yoyote. Njia ya panya inakunyima haki ya kusema umeonewa.

Hatua ya 8: Mzigo ukishikwa

Kwa magendo, sheria ya forodha ya Jumuiya inaweka kifungo cha hadi miaka mitano, au faini ya nusu ya thamani ya mzigo, au vyote viwili, na gari lililobeba linaweza kutaifishwa pamoja na bidhaa. Lakini hata mwenye karatasi safi anaweza kushikiwa mzigo kwa shaka. Ikitokea hivyo, usipige kelele na usiondoke. Dai hati ya kukamatwa kwa mzigo, yenye orodha, uzito, sababu na tarehe. Piga picha nyavu zako zilivyo.

Kuanzia hapo unahesabu siku. Una mwezi mmoja wa kumwandikia Kamishna wa Forodha kwamba mzigo ni wako na unaudai. Usipoandika, unahesabiwa umeutelekeza na unataifishwa. Watu wengi hupoteza mali zao kwa kukaa nyumbani wakisubiri kuitwa. Barua iwe fupi: nani, lini, nini, namba ya hati, na nakala za risiti na cheti. Peleka kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kwa kitunguu, andika wazi kwamba ni bidhaa inayoharibika, na uombe uamuzi wa haraka.

Kama tatizo ni tozo isiyo na maandishi au vizuizi vingi vya barabarani, hilo ni kikwazo kisicho cha kiforodha, na Jumuiya ina sheria yake ya mwaka 2017 kuhusu kuviondoa. Kitolee taarifa kwa kamati ya mpaka au wizara ya biashara, ukiwa na tarehe, mahali na kiasi ulichodaiwa. Lalamiko la "wanatusumbua" halina pa kushikwa.

Hatua ya 9: Kurudi

Fedha kwanza. Pokea malipo kwa benki au kwa simu inapowezekana. Ukibeba taslimu inayofikia dola 10,000 au zaidi lazima uitangaze kwa forodha. Chini ya hapo hulazimiki, lakini usihesabu noti barabarani. Badilisha kwenye duka la fedha, uhesabu ukiwa bado dirishani.

Gari lisirudi tupu kama unaweza. Utaratibu wa cheti rahisi unafanya kazi pande zote, kwa bidhaa iliyotengenezwa Kenya. Angalia neno hilo: iliyotengenezwa, siyo iliyonunuliwa. Chupa ya chai ya China uliyoinunua Eastleigh haigeuki kuwa ya Kenya kwa sababu risiti inasema Nairobi. Mitumba vilevile, na hiyo iko kwenye kundi la ushuru wa asilimia 35. Sabuni, mafuta ya kupaka au ndoo za kiwanda cha Kenya ni salama zaidi. Kifungashio kinataja mahali ilipotengenezwa, na afisa anakisoma kama unavyokisoma wewe.

Mbegu za vitunguu usizichukue kienyeji, hata kama mnunuzi wako anakuapia kwamba zinazaa mara mbili. Mbegu ina vibali vyake, na shamba utakaloliharibu ni la yule mkulima wa Mang'ola unayemtegemea msimu ujao.

Ukifika nyumbani, nunua faili. Weka cheti, stakabadhi zote, hati ya mauziano na daftari la gharama za safari hiyo: mafuta, ukaguzi, makuli, chakula, nyavu zilizooza. Safari ya pili utakapofika dirishani ukalitoa faili hilo, utaona afisa anavuta kiti chake karibu na kuanza kukuuliza maswali ya biashara, na foleni nyuma yako inaanza kuchungulia.